Kuuza programu Google Play: vitufe visivyorudi nyuma

Kiingilio cha Google Play ni dola 25, unalipa mara moja basi. Apple wanataka dola 99 kila mwaka, na bila Mac kazi inakuwa ngumu zaidi, kwa hiyo msanidi wa Dar, Nairobi au Kampala anayeanza kwa kawaida anaanzia Google. Wateja wake wengi wanatumia Android hata hivyo. Ila urahisi wa kiingilio usikulaze usingizi. Mle ndani kuna vitufe ambavyo ukishabonyeza huwezi kurudi nyuma, na vingi unavibonyeza wiki ya kwanza, kabla hujauza chochote.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho: programu ya kuandika madeni ya duka. Mama fulani kachukua unga kilo 2 na sabuni, atalipa mwisho wa mwezi. Toleo la bure linabeba wadaiwa 30. Ukilipia, unaandika wengi utakavyo.

Swali la kwanza ni aina ya akaunti: ya mtu binafsi au ya taasisi? Ya taasisi inadai namba ya D-U-N-S, yaani namba ya kuitambulisha kampuni, inayotolewa na kampuni ya Dun & Bradstreet. Ni bure, lakini inaweza kuchukua hadi siku 30, na jina na anwani vilivyo kwenye namba hiyo lazima vifanane na vya kwenye akaunti. Ukiwa na kampuni iliyosajiliwa, vumilia uchukue njia hii. Akaunti ya binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 inabeba mzigo wake: kabla ya kutoa programu kwa umma ni lazima uifanyie majaribio ya kundi maalumu, watu wasiopungua 12, kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitaka watu 20, wakapunguza Desemba 2024. Tena programu za fedha, afya, VPN na za serikali hazikubaliki kwenye akaunti ya binafsi, kwa hiyo mwenye wazo la mikopo au vikoba aanze na usajili wa kampuni, msimbo utafuata.

Kadi ya kulipia hizo dola 25 iwe ya Visa au Mastercard ya benki. Kadi za kujaza pesa kwanza wamezikataa kwa maandishi, na kadi pepe ya pochi ya simu inaweza kuhesabiwa humo. Ukishalipa utapata risiti kwa barua pepe. Itunze. Tutaihitaji.

Angalia pia nchi unayoiweka kwenye wasifu wa malipo, kwa sababu haibadilishwi. Ukikosea unafungua wasifu mwingine. Na ukianza kuuza kwa akaunti ya binafsi, anwani yako kamili inaonekana kwenye ukurasa wa programu, kila mtu aisome. Wengi hulijua hili siku wanapoona jina la mtaa wao hadharani.

Sasa vile vitufe. Jina la kifurushi, lile la mtindo wa com.jina.daftari, ni la kudumu. Ukishapakia faili la kwanza hulibadilishi, na likishatumika halitumiki tena hata ukifuta programu. Linaloanza na com.example linakataliwa papo hapo; waliojifunza kwa kunakili mifano hugongana na hilo siku ya kwanza. Namba ya toleo, versionCode, inapanda tu, haishuki.

Kitufe kikali zaidi ni cha bei. Programu uliyoitoa bure haiwezi kugeuzwa kuwa ya kulipia, milele. Ya kulipia unaweza kuifanya bure, lakini hapo nayo hairudi. Kwa maoni yangu, kwa soko letu usihangaike na kuuza kwa bei ya mlangoni, yaani mtu alipe kabla ya kupakua. Muuza duka hatoi hela kwa kitu ambacho hajakishika. Toa bure, weka ununuzi ndani ya programu. Kuna sababu nyingine isiyotajwa sana: programu yenye bei ya mlangoni, hata watu wako wa majaribio ya kundi maalumu hulazimika kuinunua. Majaribio ya ndani ndiyo peke yake yasiyodai malipo.

Kuhusu funguo, yaani faili za siri za kuitia programu sahihi ili ijulikane imetoka kwa nani. Tangu Agosti 2021 programu mpya inapakiwa kwa muundo wa faili uitwao AAB, na Google ndiyo inayoitia sahihi ya mwisho. Wewe unabaki na ufunguo wa kupakia. Ukipotea, mwenye akaunti anaomba ubadilishwe, si mwisho wa dunia. Mtego uko kwingine: kwenye kompyuta yako kuingia kwa akaunti ya Google kunafanya kazi, ukitoa dukani kunagoma, na hakuna kosa la maana linaloonekana. Sababu ni kwamba alama ya SHA-1 (alama ya kuutambulisha ufunguo) uliyoisajili Firebase, huduma ya Google inayosimamia kuingia huko, ni ya ufunguo wako, ilhali programu iliyofika kwa mteja imetiwa sahihi kwa ufunguo wa Google. Nenda Play Console, tovuti ya Google unakosimamia programu zako, kwenye ukurasa wa utiaji sahihi, nakili ile ya Google nayo uisajili. Zikae zote mbili.

Watu 12, siku 14

Hapa ndipo wengi wanapopoteza mwezi. Kinachohesabiwa ni watu waliojiunga kwa kiungo chako wakiwa na akaunti ya Google, wakabaki ndani siku zote 14. Uliowatumia kiungo wasijiunge hawahesabiki. Ukiwa na 12 kamili, mmoja akajitoa siku ya 9, umeshuka chini ya kiwango. Kwa hiyo tafuta 20. Kosa la kawaida ni kumwandikisha mtu kwa barua pepe moja huku simu yake inatumia nyingine. Anabonyeza kiungo, anaambiwa programu haipatikani, anakaa kimya. Mwambie akuonyeshe picha ya akaunti iliyo kwenye Play Store yake kabla hujamwandika.

Wapo wanaouza watu wa majaribio kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram. Wanajiunga, hawafungui programu, na siku 14 zikiisha unatakiwa ujibu maswali ya Google: ulipata maoni gani, ulirekebisha nini? Hapo huna la kuandika, na ombi hurudishwa uendelee kujaribu. Nenda kwa wenye maduka kumi na tano mtaani. Watakuambia kitu cha kweli, mfano kwamba mdaiwa mmoja ana majina matatu na wote wanamwita la tatu.

Kuna jambo moja linalowakumba hasa wasanidi wa kwetu. Programu nyingi za Afrika Mashariki humruhusu mtu kuingia kwa namba ya simu na msimbo wa SMS. Mkaguzi wa Google hana laini ya Vodacom wala Safaricom. Anafika skrini ya kwanza, anakwama, anakataa programu. Dawa ni kutengeneza kwenye seva namba moja ya majaribio yenye msimbo usiobadilika, mfano 123456, halafu uiandike kwenye sehemu ya ufikiaji wa programu pamoja na maelezo mafupi ya Kiingereza. Ijaze data kidogo pia, wadaiwa watano wa kubuni, maana mkaguzi akikuta skrini tupu hajui aangalie nini. Namba hiyo usiifute baada ya kukubaliwa. Kila sasisho linaweza kukaguliwa upya.

Ruhusa ya kusoma SMS ni ukuta mwingine. Kila wiki kuna mtu anawaza programu itakayosoma ujumbe wa M-Pesa na kuweka hesabu yenyewe. Tangu mwaka 2019 Google imebana ruhusa hiyo, READ_SMS. Lazima ujaze tamko na uonyeshe kwamba ndiyo kazi kuu ya programu. Kusimamia fedha kwa kutumia SMS kumo kwenye orodha ya yanayoweza kuruhusiwa, lakini daftari la madeni linalosoma SMS kama nyongeza tu litarudishwa. Programu za mikopo ya binafsi ndizo zilizobanwa kabisa: haziruhusiwi kugusa majina ya simu wala picha za mtu, na kwa Kenya lazima uonyeshe leseni au uthibitisho kutoka Benki Kuu. Waliowahi kupigiwa simu na mkopeshaji wa shemeji yao wanajua kwa nini.

Kwenye fomu ya usalama wa data, usijaze kwa kuangalia msimbo wako peke yake. Maktaba ya matangazo, yaani msimbo wa wengine unaouongeza ili kuonyesha matangazo, huingiza ruhusa ya kitambulisho cha matangazo, AD_ID, bila kukuuliza, na ukisema hukusanyi kitu Google wanaona tofauti. Sera ya faragha lazima iwe kwenye ukurasa wa wavuti unaofunguka. Kama programu inamruhusu mtu kufungua akaunti, lazima pia aweze kuomba ifutwe, ndani ya programu na kupitia kiungo cha wavuti. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ya 2022, kwa hiyo kazi hii ungeifanya hata bila Google.

Maneno ya ukurasa tupite haraka. Jina ni herufi 30, maelezo mafupi 80, marefu 4,000. Kiswahili kinakula nafasi: "Daftari la Madeni ya Duka Langu" ni herufi 31 ukihesabu nafasi, imezidi moja, ondoa "Langu" ubaki na 25. Usiweke "bora", "namba 1" wala "bure" kwenye jina, ni marufuku. Ikoni ni pikseli 512 kwa 512, picha ya juu 1024 kwa 500. Picha za skrini zionyeshe programu yenyewe ikiwa na majina na shilingi ndani yake. Yule mdada wa kununuliwa mtandaoni anayecheka na simu hamwambii mwenye duka kitu.

Hela

Ukiuza kitu cha kidijitali ndani ya programu, lazima kipitie mfumo wa malipo wa Google. Kuandika bila kikomo ni kitu cha kidijitali. Kwa hiyo kuweka STK push ya Daraja, yaani ombi la PIN ya M-Pesa linalotokea kwenye simu kupitia mfumo wa Safaricom wa wasanidi, ili mteja afungue toleo la kulipia ni kuvunja sera, hata kama rafiki yako anafanya hivyo na hajakamatwa. Chakula, bodaboda, nguo, tiketi ya basi: hivyo ni kinyume chake, havitakiwi kupitia Google, tumia M-Pesa yako. Iko njia ya katikati: mteja alipie nje kabisa, mathalani kwa wakala wako au tovuti, kisha aingie tu kwenye programu na kutumia. Inaruhusiwa, mradi ndani ya programu usimwelekeze huko. Kwa daftari linalouzwa na mawakala mitaani njia hii si mbaya hata kidogo.

Makato ya Google ni 15% kwa dola milioni moja ya kwanza ya mapato kwa mwaka, na 30% kwa kinachozidi hapo. Hiyo 15% haiji yenyewe: lazima uunde kundi la akaunti (kutaja akaunti zako zote za msanidi) kwenye Play Console na ukubali masharti. Malipo ya kila mwezi yanayojirudia ni 15% tangu Januari 2022 bila kuomba.

Piga hesabu. Umeweka KSh 500 na tuseme VAT ya Kenya ya 16% imo ndani ya bei. Gawa kwa 1.16, unabaki na 431.03. Toa 15%, ambayo ni 64.66, mkononi 366.37. Ukisahau kujiandikisha, unakatwa 30% na kubaki na 301.72. Hizo 64 na senti zake ni za kwako, umeziacha kwa uvivu wa dakika tano. Google hulipa katikati ya mwezi unaofuata, na kwa nchi zinazolipwa kwa uhamisho wa benki wa kimataifa kima cha chini ni dola 100. Dola ikiwa KSh 129, unahitaji kuuza 36 kabla ya kuona senti. Zikipungua zinasubiri mwezi mwingine. Jina la akaunti ya benki lifanane na la wasifu wa malipo herufi kwa herufi, na uliza benki yako inakata kiasi gani kupokea pesa kutoka nje.

Sasa niseme taratibu kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa iliyokwisha kuingia inapotoka tena. Mteja akinunua, programu yako ina siku 3 kukiri kwamba imepokea ununuzi huo. Usipokiri, Google inamrudishia hela yenyewe na kumnyang'anya alichonunua. Mwanzilishi huandika ukiri huo mahali pamoja, kwenye jibu linalokuja mara tu baada ya kununua. Sasa fikiria simu ya RAM 2 GB. Mteja anabonyeza Nunua, anachagua M-Pesa, ombi la PIN linatokea, anatoka kwenye programu kuangalia salio, anarudi, simu imeshaiua programu ili kupata nafasi. Malipo yamepita, jibu halikumkuta mtu. Mteja anaona amelipa na hajapata kitu, anakupa nyota moja. Siku ya tatu hela inarudi kwake, na wewe umebaki na nyota.

Dawa ni mistari michache. Kila programu inapofunguka au kurudi mbele, kwenye onResume, ita queryPurchasesAsync, amri inayoleta orodha ya manunuzi ya mteja, pitia kila ununuzi, na ambao haujakiriwa ukiri na kumpa mtu haki yake. Ila usimpe kabla ya kuangalia hali yake. Ununuzi unaweza kuwa PENDING, yaani mteja ameanzisha malipo lakini hela haijafika. Ukifungua huduma kwa PENDING umegawa bure. Subiri PURCHASED, yaani malipo yamekamilika. Na kama una seva, peleka tokeni ya ununuzi (msimbo wa pekee wa ununuzi huo) huko ithibitishwe na Google, uihifadhi, na tokeni moja itoe huduma mara moja tu. Programu zilizochezewa hutuma tokeni ileile mara mia.

Kosa dada yake ni la vitu vinavyoisha, mfano vocha ya kutuma SMS 100 za kukumbusha wadaiwa. Hivyo havikiriwi tu, vinatumiwa kwa consumeAsync. Ukikiri bila kuvitumia, mteja akirudi kununua mara ya pili anaambiwa tayari anacho, kosa namba 7, na umejifungia mlango wa mauzo mwenyewe.

Yote haya yajaribu kwa akaunti za majaribio ya leseni, yaani akaunti za Google unazoziorodhesha Play Console, hazikatwi hela. Huko muda umefupishwa: siku 3 zinakuwa dakika 3, na mwezi wa malipo yanayojirudia unakuwa dakika 5, ukijirudia mara 6 kisha kukoma. Ua programu kwa makusudi katikati ya malipo, zima data, washa tena. Fanya hivyo kwenye itel au Tecno ya bei ndogo, si kwenye simu yako nzuri.

Simu hizo ndizo zitakazoamua pia kama duka litakuonyesha kwa watu. Google inapima programu inavyoanguka: ikizidi 1.09% ya watumiaji wa siku, au ikiganda kwa zaidi ya 0.47%, inaonekana kidogo kwenye utafutaji. Kipo na kipimo cha aina moja ya simu, 8%, na ukikivuka wenye simu hiyo wanaweza kuonyeshwa onyo kwenye ukurasa wako. Ndiyo maana sasisho lisitoke kwa wote siku moja. Anza na 5%, kaa siku mbili, tazama takwimu. Likiharibika unalisimamisha, lakini waliolipata wanabaki nalo. Hakuna kurudisha toleo la zamani. Unachukua msimbo wa zamani, unaupa versionCode kubwa zaidi, unautoa kama mpya.

Kila mwaka, tarehe 31 Agosti, kuna kodi ya lazima ya muda wako: kulenga toleo jipya la Android. Mwaka 2025 lilikuwa Android 15, yaani API 35. Usipofanya, huwezi kupakia sasisho. Kisha tangu Novemba mosi 2025 programu zinazolenga Android 15 na kuendelea zinatakiwa zikubali kurasa za kumbukumbu za KB 16, yaani vipande vikubwa zaidi ambavyo simu inagawia RAM yake, jambo linalowagusa wenye Flutter, Unity au maktaba za C++. Tenga wiki moja ya Julai kwa hilo, kila mwaka, hata kama programu haina jipya.

Maoni ya wateja unayajibu kwa herufi 350. Inatosha kwa sentensi tatu: pole, tatizo ni hili, limerekebishwa kwenye toleo hili. Mtu anaweza kubadilisha nyota zake baadaye, na wengi hubadilisha wakijibiwa kwa jina la tatizo lao badala ya "asante kwa maoni yako".

Akaunti usiikodishe, usiikope, wala usiruhusu jamaa aingize programu yake kwako kwa kuwa programu zako zimeshapita majaribio. Google huunganisha akaunti zinazohusiana, na moja ikifungwa nyingine hufuata. Kama unataka kumuuzia mtu daftari lako, au umefungua kampuni na unataka kulihamisha kutoka akaunti ya binafsi, iko njia halali: uhamisho. Programu inakwenda na watumiaji wake, nyota, maoni na wanaolipa kila mwezi. Mauzo ya kabla ya siku hiyo yanabaki kwa mwenye akaunti ya zamani. Fomu inaomba namba ya muamala wa ada ya usajili wa akaunti zote mbili, ya anayetoa na ya anayepokea. Namba hiyo iko kwenye ile risiti ya dola 25.